Ukoo Ndani ya Kilobaiti Kumi na Sita

Kompyuta yangu ya kwanza haina skrini. Ni kibodi tu, nyeusi, yenye vibonye vya mpira laini kama kifutio, na ubongo wake wote umo humo humo chini ya vibonye. Unaichomeka kwenye televisheni kupitia tundu la antena, unaunganisha redio kaseti pembeni, basi, una kompyuta. Kumbukumbu yake ni kilobaiti kumi na sita. Picha moja ya simu yangu ya sasa ingehitaji mashine kama hizo zaidi ya mia mbili kuibeba. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mtu aliyefanya kazi ya maana kwa kilobaiti kumi na sita si mtu wa kubahatisha.

Nami nilifanya. Niliinunua Gaborone kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama, wakati huo nikiwa mfagiaji wa stoo ya vipuri vya magari. Sikuwa na televisheni. Kila Jumapili niliibeba kwenye mfuko wa saruji mpaka kwa jirani, nikasubiri mpira uishe, ndipo nikaruhusiwa saa moja ya kuchapa. Lugha ya BASIC nilijifunza kutoka kitabu kisichokuwa na jalada, kwa Kiingereza cha kidato cha nne nilichotoka nacho Morogoro. Miaka mitatu baadaye nilikuwa na diploma ya kompyuta, ya masomo ya jioni, na haukupita muda ile stoo niliyokuwa naifagia ikawa inaendeshwa kwa programu niliyoiandika mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Wapo waliotoka hapa na vyeti vikubwa kuliko changu wakarudi na sanduku la nguo. Mimi nimerudi na nyumba kichwani, na ndani ya mwaka mmoja ilikuwa imesimama upande wa mlimani, vigae mpaka jikoni.

Baada ya nyumba kukamilika nikakosa la kufanya. Kustaafu ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kutafutwa. Ndipo nikalikumbuka boksi lililokuwa juu ya kabati, nikaitoa ile mashine, nikaifuta vumbi, nikaamua kuirudia. Nilidhani itanichukua siku mbili.

Televisheni yangu ya ukutani haikuitambua kabisa. Niliitafuta stesheni yake juu na chini, nikaambulia ubao mweusi wenye maneno ya kunipongeza kwa kuchagua bidhaa bora. Ilibidi niende kwa fundi mmoja Mwembesongo kutafuta televisheni ya chogo, zile nene za zamani.

"Mzee, chogo ya nini zama hizi?" akaniuliza.

"Ya kazi."

"Kazi gani? Ya kutamishia kuku?" Wenzake wakacheka. Kweli moja kati ya zile alizonazo ilikuwa na manyoya ndani.

Nikapata moja ya inchi kumi na nne, yenye rangi ya kijani kibichi upande mmoja. Kisha ikaja habari ya kaseti. Programu za mashine hii zinahifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, kama za muziki, na ukizisikiliza zinatoa mlio wa kukwaruza unaoumiza meno. Kaseti zangu tano zilikuwa zimeota ukungu. Nilizipangusa kwa spiriti, utepe sentimita kwa sentimita, na bado mashine ikakataa kusoma. Nikachukua bisibisi ndogo nikaanza kuzungusha skrubu ya kichwa cha kusomea cha redio, kidogo, kidogo zaidi, huku nasikiliza. Dakika nne za mlio, kisha maandishi: kosa la usomaji. Nazungusha. Dakika nne. Kosa la usomaji. Umeme ukashuka, picha ikajikunja kama chapati. Ukapanda. Naanza upya.

"Baba, una laptop mbili mle ndani," mke wangu alinikumbusha siku ya tisa. Yeye ni Mnyiramba wa Singida, tulikutana hukohuko Botswana, na hajawahi kupoteza neno.

"Laptop kila mtu anayo."

"Ndiyo maana zinafanya kazi."

Siku ya kumi na moja mashine ikasoma kaseti moja. Ilikuwa mchezo wa kubahatisha namba nilioutunga nikiwa kijana. Niliucheza mara arobaini. Kisha nikaanza kuchoka, kwa sababu mashine iliyofufuliwa inataka kazi, nami sikuwa na kazi ya kuipa.

Kazi ikaletwa na simu ya mjomba kutoka Matombo, kijijini kwa mama. Mjomba ni mdogo wake marehemu mama, na ndiye msimamizi wa ardhi ya ukoo wetu. Akasema kijiji kinapima mashamba ili watu wapewe hati za kimila, na kila ukoo umetakiwa upeleke orodha: nani ni nani, na yupi analima wapi. Asiyekuwemo kwenye orodha hatapimiwa. Orodha ilikuwa ipelekwe ofisi ya kijiji Jumatatu ya mwisho wa mwezi.

Hapo nikakaa sawa kwenye kiti. Mama alikuwa na shamba lake Matombo, ekari moja na nusu ya migomba na mdalasini, kwenye mteremko uliotazama mto. Dada yangu mkubwa ndiye anayelitunza. Ndizi zake anaziuza hapa mjini, Mwembesongo. Mimi sikulilima hata siku moja, lakini miaka yote ile ya ugeni nilipokuwa nalala, nililala nikijua lipo. Na nilikuwa na shabaha: niandikwe mimi kwenye lile shamba, na chini yangu aandikwe binti yangu. Ni mtoto wetu mmoja tu. Amezaliwa Gaborone, anafanya kazi hukohuko, na kila akiulizwa kwao ni wapi hujibu kwa kutaja mtaa. Nilitaka awe na mahali pa kutaja.

"Orodha anaiandika dada yako kwenye daftari," mjomba akasema.

"Mjomba, mambo ya daftari yamepitwa na wakati. Niachieni mimi. Nitaiweka kwenye kompyuta. Unabonyeza jina la mtu, inakuambia ni wa ukoo au si wa ukoo, na shamba lake liko wapi."

"Ni kompyuta mpya?"

"Hapana, ni ya zamani. Ina miaka arobaini."

"Sasa daftari limenunuliwa juzi, kompyuta ina miaka arobaini, halafu kilichopitwa na wakati ni daftari?" Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, mpwa. Wewe ndiwe mwenye diploma. Lakini dada yako asiache kuandika."

Niliumia kidogo. Nikafanya kazi kwa hasira, na kazi ya hasira mimi huwa naifanya vizuri.

Dada alinitumia picha za daftari lake kwenye simu. Nilipolisoma nilisikitika. Lilikuwa na watu mia na ishirini, bila mpangilio wowote niliouona: jina la mwanamke, chini yake watoto wake, mishale, majina yaliyopachikwa pembeni, na juu ya kila ukurasa ameandika "tumbo la bibi mkubwa", "tumbo la bibi wa mtoni". Majina ya akina baba hayakuwepo. Hata moja. Nikasema moyoni, huyu hajawahi kujaza fomu maishani mwake.

Kumbukumbu ya mashine yangu ilinibana. Baada ya kuandika programu yenyewe, nafasi iliyobaki ilitosha watu mia mbili, kila mmoja na namba yake, herufi kumi za jina, namba ya shamba, na namba ya mzazi mmoja. Mzazi mmoja tu, wawili wasingeingia. Ni kipi rahisi? Kila Mtanzania ana majina matatu: lake, la baba, la babu. Shuleni, kazini, benki, kwenye pasipoti, popote nilipowahi kusimama foleni niliulizwa jina la baba. Basi nikaweka baba. Sikuwaza hata dakika moja. Siku hiyo niliiona ni akili, kwa sababu majina yenyewe yanajiunganisha.

Nikaanza kupiga simu Matombo nzima kuuliza majina ya akina baba.

"Baba yangu wa nini?" akauliza mzee mmoja. "Si mnaandika ukoo wetu?"

"Ndiyo, mzee, ndiyo maana nauliza."

"Baba yangu alikuwa mtu wa Kisaki huko. Anahusikaje na migomba yetu?"

"Kompyuta inamhitaji."

"Mh. Haya, mwandike."

Nikagundua pia kwamba dada amewasahau watoto wa mjomba, wote saba, watu wazima tuliokua tukiwaita kaka na dada. Amewasahau na watoto wa wajomba wengine. Nikawaongeza, jumla watu kumi na tisa, nikimwonea huruma dada kwa uzembe. Akina baba ishirini nao wakapewa namba zao, na mwisho, nafasi ya mia na sitini, nikamwongeza binti yangu.

Kazi ilichukua wiki tatu. Nilipoteza data zote mara mbili kwa umeme kukatika kabla sijahifadhi kwenye kaseti. Mara ya pili nilitoka nje nikazunguka nyumba, nikarudi, nikaanza na namba moja. Jaribio nililifanya kwa watu wanne, mjomba na ndugu zake waliozaliwa naye, mama akiwemo. Lilienda sawasawa. Jaribio la watu wote nililianza Ijumaa asubuhi, umeme ukakatika, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kikao cha ukoo nyumbani kwa mjomba.

Nilikodi pikapu. Televisheni ya chogo niliifunga ndani ya godoro la sponji, mashine nikaipakata mwenyewe. Ile barabara ya Matombo sitaielezea, anayeijua anaijua. Tulipofika, mjomba akatoka na kanzu yake ya kikao, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku ametazama godoro.

"Umeleta mgonjwa?"

Sebuleni walikuwepo wazee watano wa ukoo, dada yangu na daftari lake mapajani, na mke wa mjomba akiingia na kutoka na sinia la ndizi za kuchemsha. Nikapanga vyombo. Nikawaeleza kwa ufupi nini kitatokea. Nikabonyeza redio.

Ule mlio ukaanza. Mzee mmoja akaziba masikio.

"Kinalia kama paka kabanwa na mlango!"

"Ndivyo inavyosoma, mzee. Hiyo sauti ndiyo majina yenu."

"Langu silisikii."

Dakika nne. Kosa la usomaji. Nikageuza skrubu. Dakika nne nyingine, mlio uleule, ndizi zinaliwa, hakuna anayeweza kuzungumza. Kosa la usomaji. Dada alifungua daftari, akalifunga. Mara ya tatu ikakubali, na orodha ya maswali ikatokea kwenye kioo kwa herufi nyeupe, upande mmoja za kijani.

Programu ilihitaji mtu wa kuanzia; nilikuwa nimemweka babu, baba yake mjomba na mama. Nikaiamuru ichape ukoo. Ikafikiri, kwa maana inafikiri polepole, kisha majina yakaanza kupanda. Mjomba. Ndugu zake. Mama yangu. Kisha watoto wa mjomba, saba wote. Watoto wa ndugu zake wa kiume. Ikasimama. Watu ishirini na watatu.

"Wamekwisha?" mjomba akauliza.

"Subiri." Nikabonyeza tena. Ishirini na watatu.

Mke wa mjomba alikuwa amesimama na sinia akisoma. Akapiga kigelegele. "Jamani! Wanangu saba wameingizwa ukooni kwenu leo! Na mahari sijalipa!"

Wazee wakaangua kicheko. Mjomba peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anatafuta kitu kwenye kioo kwa kidole.

"Dada yako simuoni," akasema. "Hebu muulizie na wewe mwenyewe, mpwa. Wewe ni namba ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Iulize."

Nikachapa arobaini na moja. Nilishajua. Kidole kilishajua kabla hakijagusa kibonye. Mashine ikaandika, kwa maneno niliyoyatunga mimi: HAYUMO UKOONI.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Hilo nimelijua tangu sijaota meno; ndiyo sababu mjomba ni mjomba, ndiyo sababu mimi nilikuwa na haki ya kukaa kwenye kile kikao. Baba yangu alikuwa Mbena wa Njombe aliyekuja kukata miwa kwenye mashamba ya sukari akaishia kiwandani. Kwa kumweka baba, nilikuwa nimejihamishia Njombe, na dada yangu nikaondoka naye. Watoto wa mjomba ni wa ukoo wa mama yao, yule mwenye sinia. Dada hakuwasahau. Aliyesahau ni mimi. Mambo unayoyajua kwa damu huwezi kuyakumbuka ukiwa umeshika fomu. Najua wapo watakaosema ni kwa sababu nilikaa ugenini mno. Si kweli. Nimeona watu wasiokanyaga hata Chalinze wakijaza fomu vilevile.

"Mbena," dada akaniita kwa sauti ya chini, "kwenu wanalima viazi."

Nilitaka kuizima ile televisheni, niifunge kwenye godoro lake, niondoke. Lakini orodha ilikuwa inatakiwa Jumatatu, na shamba la mama lilikuwa halijaandikwa jina la mtu. Nikamwambia mjomba anipe saa chache.

"Zipo," akasema. "Wali haujaiva."

Nikamwomba dada anisomee. Palepale nilipokuwa nimeweka baba, tukaweka mama. Alivuta kigoda, akakaa ubavuni pangu, na hakufungua daftari. Nikitaja namba na jina, yeye anataja mama yake, bila kupumzika.

"Kumi na nane?"

"Mama yake ni yule wa kumi na moja. Yule mwenye kidonda cha mguu."

"Kidonda hakiingii."

"Basi mwenye mashine hii amekosa mengi. Endelea."

Nimesimamia makarani wa kuingiza data, wenye vyeti, na sikupata mmoja wa kumshinda. Sikumwambia. Mara moja taa ilififia, televisheni ikajikunja, sote wawili tukatulia kama watu waliosikia nyoka. Ikarudi. Nikahifadhi kwenye kaseti mara mbili.

Ilipofika alasiri nikaianzishia kwa bibi wa juu kabisa daftarini, mama wa matumbo yote, badala ya babu, nikaiamuru ichape. Safari hii majina yalipanda mpaka wazee wakachoka kuyafuata, tumbo kwa tumbo, shamba kwa shamba. Watu mia na ishirini.

Dada akafunua ukurasa wa mwisho wa daftari. "Mia na ishirini," akasema.

"Kwa hiyo imesema kilichokuwa daftarini," mjomba akasema.

"Imekipanga vizuri zaidi, mjomba."

"Wiki tatu."

"Ndiyo."

"Haya, imekipanga." Akawaita wazee uani kunawa mikono.

Nilibaki peke yangu na mashine. Nikachapa namba mia na sitini, ya binti yangu. HAYUMO UKOONI. Ilikuwa sahihi. Mama yake ni Mnyiramba, na kwa Wanyiramba mtoto ni wa baba, kwa hiyo kule wanamhesabu wa kwangu, na kwangu hahesabiki. Nilipokosea hakuwemo, nilipopatia hakuwemo. Nimeandika programu zilizoendesha stoo zenye maelfu ya vipuri, na sikuweza kuandika moja yenye mahali pa mtoto wangu.

Lakini nilikuwa na diploma. Nikaongeza mstari mmoja kwenye programu, wenye namba 425. Kwa lugha ya kawaida ulisema hivi: kama namba ni mia na sitini, basi yumo. Nikaichapisha tena. Akatokea chini yangu, shamba la mama, herufi zake nyeupe kama za wengine wote. Niliridhika sana kwa muda wa dakika kama kumi.

Mashine hii haina printa. Orodha safi ilibidi inakiliwe kwa kalamu kutoka kwenye kioo, na mwenye mwandiko mzuri ni dada. Alirudi kutoka kula, akajipangusa mikono kwenye khanga, akaanza kunakili kwenye karatasi za mistari. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu kalamu ikasimama.

"Huyu nani kamweka?"

"Yumo kwenye orodha."

"Nimekuuliza nani kamweka."

"Mashine ndiyo imemtoa, dada."

"Mashine haimjui mwanao. Hata mimi sijawahi kumuona, zaidi ya kwenye simu." Akaiweka kalamu chini. "Daftari lina mia na ishirini. Hapa nitafika mia na ishirini na moja. Unadhani mjomba hajui kuhesabu?"

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia sheria ya nchi inamtambua mtoto wa kike, inampa haki ya ardhi, hii mila ya kumnyima binti yangu haitasimama popote.

"Mtoto wa kike?" akasema. "Na mimi ni nani? Mtoto wa kiume?"

Akalivuta daftari lake mapajani.

"Shamba la mama nimelipalilia miaka thelathini. Mama alipougua nilikuwa nambeba mgongoni kutoka kule chini. Hati ikija, inakuja kwangu na kwa wanangu, ndivyo ilivyo. Wewe umo, ni haki yako, utakula ndizi mpaka ufe, ukitaka kujenga kibanda utajenga. Sikukataza hata ulipokuwa huandiki barua. Sasa unataka kunipunguzia kwa mstari?"

"Sikutaka kukupunguzia. Nilitaka awe na mahali."

"Mahali anaombaga mtu mwenyewe." Alilisema kwa kile Kiswahili chake cha mlimani, kinachopanda mwishoni. "Aje. Abebe jogoo, apite mlango ule, aniambie, shangazi, naomba pa kulima. Nani amesema nitamkatalia? Watoto wa mjomba wanalima kwetu hivyohivyo, waliomba wakapewa. Lakini hawakuandikwa. Na hawakuingizwa kwa kuvizia watu wakiwa wanakula."

Nje wazee walikuwa wanacheka kitu kingine. Nilikitazama kile kioo. Kwenye BASIC mstari haufutwi kwa kuusugua. Unaandika namba yake tupu, huweki kitu mbele, unabonyeza, umekwenda. Nikaandika 425. Nilikaa na kidole juu ya kibonye muda ambao sijui ni mrefu kiasi gani, dada hakunihimiza. Nikabonyeza. Nikaiamuru ichape upya, na tukaingoja ifikiri.

"Jina linalofuata," dada akasema, akaokota kalamu.

Orodha ilipelekwa Jumatatu. Shamba la mama limeandikwa dada na wanawe, nami nikiwemo kama mtumiaji. Jioni ya Jumatatu hiyohiyo nilimpigia binti yangu nikamweleza, na kwa mara ya kwanza sikujua nianzie wapi.

"Kwa hiyo niombe likizo," akasema, "nisafiri siku tatu, nikamwombe shangazi shamba ambalo sitalilima?"

"Ndiyo."

"Na jogoo."

"Na jogoo."

Nilisikia magari ya Gaborone nyuma yake. "Baba, likizo yangu ni Desemba, na hiyo nimeshamwahidi mtu. Siwezi kumwandikia ujumbe tu?"

"Hapana," nikasema. "Ujumbe haufai."

Alisema ataangalia. Anasema hivyo hata leo nikimuuliza, nami namuuliza kila wiki.